Mtoto yuko tayari, mzazi je? Namna ya kuandaa familia kwa kipindi cha michezo ya nje

Mtoto wa miaka 3 akifikishwa penye udongo, majani makavu na vijiti, hahitaji kuelezwa afanye nini. Anachuchumaa, anaokota, anaanza. Kipindi kikiharibika, mara nyingi kimeshaharibikia nyumbani kabla hajatoka: viatu alivyovalishwa, kifungua kinywa alichokatishwa kwa haraka, na lile neno "usichafuke" aliloambiwa mlangoni. Kwa hiyo anayeandaa vipindi hivi, awe mwalimu wa chekechea au mzazi aliyejitolea kuwakusanya wenzake, kazi yake kubwa iko kwa watu wazima.

Maelezo haya ni ya watoto wa miaka 2 hadi 6 wanaokuja na mzazi au mlezi anayebaki nao mpaka mwisho. Watoto wanaoachwa na kufuatwa baadaye wana taratibu zao, na si hizi.

Mahali kwanza, mwaliko baadaye

Mahali pazuri pa kuanzia huenda pasimvutie mtu mzima hata kidogo. Miti michache yenye kivuli, kamteremko, udongo unaochimbika, gogo lililolala, majani yaliyodondoka. Uwanja uliofyekwa vizuri hauna cha kuokota; watoto watakimbizana dakika 10, kisha wataanza kuuliza wanarudi lini.

Pasiwe mbali. Mita 200 hadi 300 kutoka mnaposhukia zinatosha kabisa, maana mtoto wa miaka 2 husimama kwa kila sisimizi, na mwendo huo mfupi unaweza kumchukua dakika 20. Mkipanga kutembea kilomita nzima, wengine watafika wamebebwa na waliowabeba watafika wamenuna.

Pakague mara 2: siku chache kabla, na tena asubuhi ya siku yenyewe. Ukaguzi wa kwanza ufanye umepiga magoti. Ukiwa kwenye kimo cha mtoto utaona usivyoviona umesimama: mwiba ulio sawasawa na macho, kipande cha chupa chini ya majani, kinyesi cha mbwa, shimo, njia ya siafu. Kisha simama utazame juu. Tawi kavu lililonasa kwenye matawi mengine ni hatari kuliko mti wowote ambao mtoto atataka kuupanda, kwa sababu mti anauona na tawi halioni. Ukikuta kiota cha nyigu au nyuki, usihangaike nacho. Hamisha eneo la kuchezea.

Maji yanahitaji uamuzi, si tahadhari ya jumla. Dimbwi la sentimita 5 linatosha kumzamisha mtoto mdogo, na anayezama kwa kawaida hapigi kelele wala kurusha mikono. Kama kuna kijito au bwawa, ama eneo la kuchezea liwe mbali nacho, ama kila anayekaribia maji awe na mtu mzima wake umbali wa kumshika kwa mkono. Hakuna njia ya kati.

Mimea nayo ijue kwa majina. Mbegu za mbarika zina madoa ya kupendeza na zina sumu kali; mranaha una sumu kuanzia jani hadi mbegu; vinyweleo vya upupu huwasha hata vikipeperushwa na upepo. Huwezi kung'oa kila kitu, wala usijaribu. Weka sheria moja inayoeleweka hata kwa mtoto wa miaka 2: mdomoni kinaingia kilichotoka kwenye begi la mama au baba tu.

Mipaka iwekwe kwa vitambaa vya rangi kali vilivyofungwa kwenye miti, sentimita 80 hadi 90 kutoka chini, ambako macho ya mtoto yapo. Kitambaa kilichofungwa kwenye kimo chako ni cha kwako, si cha mtoto.

Kwa mara ya kwanza alika familia 8, zisizidi 10. Viongozi wawe 2 hata kama watoto ni wachache: mmoja akishughulika na goti lililochubuka, mwingine anabaki na wote.

Ujumbe kwa wazazi

Ujumbe mrefu hausomwi. Tuma mmoja wiki moja kabla, na ukumbusho wa mistari 4 jioni ya kuamkia siku yenyewe, wakati mzazi bado anaweza kutafuta soksi. Unaweza kuandikwa hivi:

"Habari za leo, wazazi na walezi. Kipindi chetu cha kwanza ni Jumamosi, saa 2:30 asubuhi hadi saa 4:00. Tunakutana langoni, penye mti mkubwa. Mtoto avae nguo kuukuu za mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu vinavyofunika vidole. Atachafuka, na wewe pia vaa ya kuchafuka. Begini: maji, kitafunwa, nguo kamili za kubadili, soksi jozi 2, taulo ndogo, kofia. Vichezeo vibaki nyumbani. Choo kiko mbali kidogo, kwa hiyo apitie msalani kabla hamjatoka. Mvua ya kawaida tunacheza. Ikiwa kuna radi au upepo mkali tunaahirisha, na nitawaandikia kabla ya saa 1 asubuhi. Mwenye mtoto mwenye mzio, pumu, kifafa au anayetumia dawa yoyote aniandikie pembeni leo, si kwenye kundi."

Kila sentensi hapo imewekwa kwa sababu ya jambo ambalo huenda kombo. Mstari wa vichezeo, kwa mfano, unaonekana mdogo mpaka siku gari moja la plastiki litakapogombaniwa na watoto 6 huku magogo na matope vikikosa mwenyewe. Na saa ya kutangaza kuahirisha lazima itajwe, la sivyo utaamka na simu 8 zinazouliza swali moja.

Saa nayo haikuchaguliwa ovyo. Jua huwa kali zaidi kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 alasiri, na watoto wadogo wana nguvu na utulivu zaidi asubuhi. Dakika 60 hadi 90 zinatosha kwa wa miaka 2 na 3. Wa miaka 4 hadi 6 wanaweza kucheza kwa muda wa saa 2. Kipindi kikiisha watoto bado wanataka kuendelea, umekipima vizuri.

Fomu ya kujaza iwe ya ukurasa mmoja: jina la mtoto na jina analoitwa nyumbani, tarehe ya kuzaliwa, mzio, dawa, simu za watu wazima 2, nani anaruhusiwa kuondoka naye, na kama mzazi anakubali apigwe picha. Ongeza maswali 2 ambayo fomu nyingi huyasahau: akilia hutulizwa na nini, na haja ndogo anaiitaje. Mtoto anayesema neno la nyumbani kwao mbele ya mtu asiyelijua atajikojolea akiwa ameshaomba ruhusa mara 3.

Swali litakalokuja bila shaka ni hili: "Mwalimu, mwanangu ana mafua, nimlete?" Mafua mepesi bila homa, aje, hewa ya nje ni nafuu kuliko chumba kilichofungwa. Homa, abaki. Aliyetapika au kuharisha, abaki mpaka zipite saa 48 tangu mara ya mwisho. Jibu hilo liandike mapema ili lisionekane umemlenga mtu.

Mavazi

Hapa ndipo wazazi hukosea zaidi, na kosa huanzia kwenye mapenzi: mtoto anatoka, basi avae apendeze. Raba nyeupe na gauni la kupigia picha humfanya mzazi asimame juu ya mtoto dakika 90 akimzuia kuchuchumaa. Waambie waziwazi kwamba nguo nzuri kuliko zote ni ile iliyokaribia kugeuzwa tambara.

Mikono mirefu na suruali ndefu ni kinga ya michubuko, wadudu, jua na mimea ya kuwasha kwa pamoja, hata kukiwa na joto, ilimradi kitambaa ni chepesi na hakibani. Kukiwa na baridi mpangilio hubadilika. Pamba ikilowa hushika maji na kumpoza mtoto, kwa hiyo nguo inayogusa mwili iwe ya sufu au ya kitambaa kinachokauka haraka, juu yake sweta, na juu kabisa koti lisilopitisha maji. Nguo 3 nyembamba ni bora kuliko koti 1 nene, kwa kuwa mtoto akikimbia dakika 5 unaweza kumvua moja.

Viatu vifunike vidole na visigino. Ndala na sandali huteleza, hunasa kwenye mizizi na huacha vidole wazi kwa siafu. Gambuti ni nzuri mahali penye matope, lakini lina kosa lake maarufu: suruali ya mvua ikichomekwa ndani ya gambuti, maji yote yanayoteremka kwenye suruali huishia ndani. Suruali ya mvua ishuke juu ya gambuti. Suruali ya kawaida mahali penye kupe ni kinyume chake. Ichomekwe ndani ya soksi ili kupe asipate mlango.

Skafu, mkufu na kamba za kofia ya koti viachwe nyumbani. Kamba inayoning'inia shingoni ikinasa kwenye tawi mtoto akiwa anateleza kushuka, inamnyonga. Hili halina mjadala, na kiongozi ana haki ya kuitoa kamba hiyo palepale.

Begi

Begi liwe la mgongoni, ili mikono ya mzazi ibaki huru. Ndani yake maji ya mtoto na ya mzazi, kwa chupa tofauti. Watu wazima husahau ya kwao kisha wakanywa ya mtoto. Mtoto mdogo hasemi ana kiu mpaka ameshachoka, kwa hiyo kukiwa na joto apewe mafunda machache kila dakika 20 hivi.

Kitafunwa kiwe cha kushikwa kwa mkono mmoja na kuliwa ameketi. Mtoto anayekula huku akikimbia anaweza kupaliwa. Karanga na jamii yake nzima zisiletwe: ni hatari ya kupalia kwa walio chini ya miaka 5, na huenda mwenzake ana mzio. Zabibu na matunda mengine madogo ya mviringo yapasuliwe kwa urefu, mapande 4.

Nguo za kubadili ziwe kamili, kuanzia chupi hadi soksi, ndani ya mfuko usiopitisha maji, na mfuko wa pili mtupu kwa ajili ya zilizolowa. Mzazi anayeleta suruali bila chupi atagundua kwa nini imeandikwa "kamili". Mwenye mtoto wa nepi alete nepi 2 zaidi ya anavyodhani.

Dawa za mtoto zije naye, zisibaki garini. Inhela ya pumu au sindano ya adrenalini ya mzio mkali ikiwa mita 300 kutoka alipo mtoto, ni sawa na haipo.

Kiongozi naye ana mzigo wake: sanduku la huduma ya kwanza lenye bandeji, chachi, kibano chenye ncha nyembamba, glavu na maji safi ya kuoshea kidonda, simu yenye chaji, filimbi, turubai na kamba, fomu za watoto zilizochapishwa, maana mtandao haupatikani kila mahali. Pia maelezo ya mahali mlipo yaliyoandikwa kwenye karatasi. Mtu aliyepatwa na hofu akiita gari la wagonjwa husahau hata jina la barabara aliyopitia.

Maji ya kunawa

Dawa ya kusugua mikononi haifanyi kazi vizuri kwenye mikono yenye matope, na hapa mikono yote itakuwa na matope. Yanahitajika maji yanayotiririka, sabuni na sekunde 20. Pasipo bomba, tengeneza kibuyu chirizi. Ni kazi ya dakika 40.

Chukua galoni la lita 5 lenye mkono. Pasha msumari moto na utoboe tundu moja dogo ubavuni, kama sentimita 12 chini ya mfuniko. Toboa na mfuniko wenyewe katikati, pitisha kamba, na ufunge fundo kubwa kwa ndani ili isichomoke. Chimbia miti 2 yenye panda, ikiachana sentimita 80 hivi, na izame ardhini vya kutosha isiyumbe. Pitisha mti wa tatu kwenye mkono wa galoni na uulaze juu ya zile panda, kwenye kimo cha kifua cha mtoto. Ile ncha ya chini ya kamba ifunge kwenye kijiti cha kukanyagia, kinachoning'inia kidogo juu ya ardhi upande mmoja na kugusa chini upande wa pili. Jaza maji yasifike kwenye tundu. Mtoto akikanyaga, galoni linainama na maji yanachirizika. Akiachia, linarudi lenyewe. Sabuni ipasuliwe tundu, itungwe kwenye kamba na kuning'inizwa pembeni.

Makosa ni mawili tu. Tundu likiwa kubwa, watoto 5 wanamaliza maji yote. Na ardhi chini yake isipowekwa kokoto, baada ya nusu saa anayenawa mikono anaondoka na miguu ya matope. Beba galoni la pili la kujazia, kwa sababu watoto watanawa mara 6 kwa ajili ya kukanyaga tu, na hilo usilizuie.

Dakika 10 na watu wazima

Kabla watoto hawajaachiwa, kusanya wazazi. Kiongozi wa pili awashike watoto kwa mchezo wowote wa duara. Usiruke sehemu hii hata mmechelewa. Afadhali ukate dakika 10 za mchezo.

Anza na kazi ya mzazi: kuwa karibu, kuona, na kutoingilia mpaka aitwe au kuwe na hatari ambayo mtoto haioni. Wengi hudhani wamekuja kufundisha. Mtoto anapomimina maji kutoka kikombe hadi kikombe mara 30, mzazi atataka kumwonyesha "kitu kingine". Mwambie asubiri. Na mwenye mtoto wa miaka 2 asimsukume "akacheze na wenzake": mtafiti wa Marekani, Mildred Parten, alieleza tangu 1932 kwamba watoto wadogo hupitia hatua ya kucheza kandokando, kila mtu na lake, kabla ya kucheza pamoja. Wawili waliopeana mgongo wakichimba shimo lilelile hawajagombana.

Kisha zungumzia kujihatarisha, kwa sababu wasipolisikia kwako watalijibu kwa kupiga kelele. Mwaka 2007 mtafiti wa Norway, Ellen Sandseter, alipanga michezo ya aina hii katika makundi 6: kwenda juu, kwenda kasi, kutumia vifaa vinavyoweza kudhuru, kuwa karibu na maji, moto au majabali, mieleka, na kujificha machoni pa wakubwa. Watoto wataigusa yote, waruhusiwe wasiruhusiwe. Toa basi masharti yanayoshikika:

Kupanda mti: mtoto hapandishwi. Anayeweza kupanda mwenyewe kwa kawaida ana uwezo wa kujua aishie wapi. Aliyenyanyuliwa na baba hana njia ya kushuka. Tawi liwe hai na lenye unene wa mkono wa mtu mzima, miguu ya mtoto isizidi kimo cha kifua chako, na pale chini pasiwe na kisiki.

Vijiti: kijiti kifupi kuliko mkono wa mtoto anaweza kutembea nacho. Kirefu zaidi kinaburutwa ncha moja ikiwa chini, au kinabebwa na wawili. Hakuna kukimbia na kijiti cha aina yoyote.

Mawe: yanarushwa upande mmoja uliochaguliwa, na mbele yake hapakai mtu.

Lipo neno moja la kuwanyang'anya wazazi, nalo ni "Angalia!" Mtoto aliye juu ya gogo akilisikia hugeuka kumtazama aliyelisema, na hapo ndipo anapoteleza. Lisilosema aangalie nini halimsaidii. Badala yake: "Gogo limelowa hapo mbele." "Mguu wako wa pili utaukanyagisha wapi?" "Shika lile tawi nene." Wazazi wakilijaribu hili mara 2 tu, kelele za kipindi kizima hupungua.

Simu: picha ndani ya dakika 5 za kwanza, kisha mfukoni, na picha yenye mtoto wa mwenzako haitumwi popote bila yeye kuulizwa.

Maliza kwa mwito wa kukusanyika. Kiongozi anaita "Hodiii!", wote wanajibu "Karibuuu!" na kurudi kwenye turubai. Ufanyieni mazoezi mara 3 kama mchezo, watoto wakijificha nyuma ya miti ya karibu, kabla haujahitajika kweli. Filimbi iachwe kwa dharura tu. Na kiongozi ahesabu vichwa: wakifika, kila dakika 10 hadi 15, wakihama na wakiondoka.

Jua, wadudu na haja

Losheni ya jua iwe ya SPF 30 au zaidi, ipakwe nyumbani dakika 15 hadi 30 kabla, na irudiwe kila saa 2. Mtoto mchanga wa chini ya miezi 6 aliyebebwa akae kivulini. Dawa ya kufukuza wadudu huja baada ya losheni, si kabla. Mzazi aimimine kiganjani mwake ndiyo ampake mtoto, akikwepa macho, mdomo na viganja, maana viganja vitaishia mdomoni. Yenye kiambato cha DEET haipakwi mtoto wa chini ya miezi 2, na ya mafuta ya mkaratusi wa limau haifai kwa walio chini ya miaka 3.

Nyuki akimchoma mtoto, mwiba utolewe haraka kwa kucha au chochote kilicho karibu. Ukikaa unaendelea kuingiza sumu. Weka kitu cha baridi. Midomo ikivimba, vipele vikisambaa mwilini au pumzi ikikaza, hilo si la kusubiri: sindano ya adrenalini kama anayo, na msaada uitwe papo hapo.

Kuhusu choo, beba poti na shuka la kuning'iniza kati ya miti 2. Pasipo choo kabisa, haja kubwa ifukiwe kwenye shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20, mita 60 au zaidi kutoka kwenye maji. Nepi na vitambaa vya kupangusia havifukiwi; vinarudi nyumbani.

Yatakayotokea hata mkijiandaa

Mtoto atang'ang'ania mguu wa mama yake dakika 20. Mwache. Mama asimbembeleze wala asimwombe radhi kiongozi. Aketi chini karibu na udongo na aanze kuchimba mwenyewe, bila kusema neno. Mkono mdogo utafika.

Mvua itaanza katikati. Wakifunikwa na turubai lililofungwa mapema, dakika hizo huwa ndizo wanazozisimulia. Lakini ngurumo ya kwanza ikisikika, mchezo umekwisha: ingieni kwenye jengo au ndani ya gari, si chini ya mti wala turubai, na subirini dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Upepo ukianza kutikisa matawi makubwa, tokeni chini ya miti bila kungoja.

Wawili watagombania kijiti kimoja, katikati ya vijiti 200. Kumletea mmoja "kingine kinachofanana" hakusaidii, kwa sababu hakifanani. Mzazi akae karibu aseme anachokiona, "wote mnakitaka hiki," na aingilie kati tu kikigeuka silaha.

Na yuko mzazi atakayechoka mapema kuliko mtoto. Mpe kazi: kujaza maji kwenye kibuyu chirizi, kuhesabu vichwa. Aliyeshika galoni haulizi saa.

Kuondoka

Tangazo la kuondoka litolewe dakika 10 kabla, kisha dakika 3 kabla. Kila mtoto achague kitu kimoja cha kwenda nacho, kiwe kilichoanguka chenyewe, kisicho hai na kinachoenea kiganjani. Wanawe, wabadili nguo juu ya turubai, vitambaa vya mipaka vifunguliwe, mashimo yafukiwe.

Jioni, wakati wa kuoga, mzazi akague kupe: nyuma ya masikio, kwenye mzunguko wa nywele, makwapani, kitovuni, kwenye mapaja ya ndani na nyuma ya magoti. Akimkuta, ambane kwa kibano karibu kabisa na ngozi na amvute moja kwa moja juu, polepole, bila kumzungusha. Asimchome moto wala kumpaka mafuta. Paoshwe, tarehe iandikwe, na mtoto akipata homa au upele katika wiki zinazofuata, apelekwe kituo cha afya na tarehe hiyo itajwe.

Kesho yake tuma ujumbe wa tatu, mfupi: tarehe ya kipindi kijacho, soksi na kofia zilizookotwa, na maswali 2 kwa kila familia: kipi kwenye begi hamkukigusa, na kipi mlikikosa? Kwa majibu hayo rekebisha orodha kabla ya ukumbusho unaofuata. Ongezea mstari wa mwisho: mfuko wa nguo zilizolowa ufunguliwe leo, maana soksi za matope zikilala humo hadi Jumatano, zitajitangaza zenyewe.